Ryzen haiingii kwenye Dell yako, mwanangu

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni binti wa Makorora, nahariri video za harusi na kicheni pati. Natumia Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, Core i5-4570, RAM GB 8, hadidiski ya TB 1, Windows 10. Miaka miwili imenibeba vizuri. Mwaka huu nimenunua kamera ya Sony inayopiga 4K, na tangu hapo mashine inakwama kila nikicheza video kwenye Premiere, programu ninayohariria. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia nitoe prosesa nitie Ryzen 5, maana AMD siku hizi ndiyo yenyewe. Mwingine kanikataza: AMD inachemsha, kwa joto la Tanga haimalizi mwaka, nibaki na Intel. Mchezo wangu unatoka mwezi ujao, sitaki pesa ya mchezo iende kwenye kitu cha kujutia. Nimsikilize nani? Tena mdogo wangu hanipi nafasi, anataka mashine icheze na gemu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wagosi wawili nitawarudia, maana kila mmoja ana kipande cha ukweli mfukoni. Ila kabla ya kuwagombanisha Intel na AMD, hao watengenezaji wawili wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, jambo moja lijue leo: Ryzen, ambayo ni prosesa ya AMD, haiingii kwenye hiyo Dell. Sisemi itaingia halafu isumbue. Haiingii kabisa.

Prosesa hulala kwenye soketi, kile kitanda chake juu ya madabodi, ubao mkuu wa mashine, na kila soketi ina vipimo vyake. Ya kwako inaitwa LGA1150. Pini 1150 ziko kwenye madabodi, na prosesa chini yake ina vidoti bapa tu. Ryzen 5 unazoziona kwa wingi madukani ni za soketi AM4, na huko mambo yamegeuzwa: pini 1331 zimesimama kwenye prosesa yenyewe, madabodi ina matundu. Hata ukubwa haulingani. Aliyekwambia "toa hii, tia ile" ama hakuitazama mashine, ama alimaanisha ubadili na madabodi akasahau kulisema. Muulize. Huenda ni hilo la pili, tusimbebeshe mzigo usio wake.

Kwenye madabodi yako wewe hupokelewa kizazi cha nne cha Intel. Kubwa lao la kawaida ni Core i7-4790: viini vinne, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, kama i5 yako, ila kila kiini hushika nyuzi mbili za kazi badala ya moja. Ingekuwa mwaka 2017 ningekwambia itafute. Leo siipendekezi. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inaanzia kizazi cha nane cha Intel, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwa upande wa AMD. Kizazi cha nne kimebaki nje ya mlango. Najua kuna njia za kukiingiza kwa dirishani, hata mimi nimeziingiza kadhaa, lakini huo si msingi wa kuwekea pesa ya mchezo.

Sasa tuje kwenye kukwama kwenyewe. Ulivyoandika swali umejijibu nusu: miaka miwili imenibeba, nikanunua kamera, ikakwama. Mashine haikuzeeka usiku mmoja. Kilichobadilika ni video.

Kamera haihifadhi picha kama ilivyo, huifunga. Namna ya zamani ya kufunga, ambayo bila shaka kamera yako ya kwanza iliitumia, ni H.264. Kamera mpya nyingi zinatumia H.265, inayobana zaidi, na kinachobanwa zaidi kina kazi zaidi kukifungua. Ndani ya prosesa zenye grafiki yake, sehemu inayochora picha za kwenye kioo, kuna kijisehemu ambacho kazi yake ni hiyo tu, kufungua na kufunga video. Intel wanakiita Quick Sync. Cha kwako kipo, na H.264 kinaijua vizuri. Lakini i5-4570 ni ya mwaka 2013, na kiwango cha H.265 kilipitishwa mwaka huohuo. Prosesa yako ilishazaliwa kabla ya kufundishwa lugha hiyo. Kwa hiyo kila fremu inafunguliwa na vile viini vinne kwa nguvu tupu, kama kukuna nazi za shughuli nzima kwa mbuzi moja. Lazima ikwame.

Usiniamini kwa maneno, ihakiki. Fungua Premiere, cheza hiyo video inayokwama, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama safu tatu: CPU, Memory, Disk. CPU ikigota 100 huku nyingine zimetulia, nimesema kweli. Disk ikiwa ndiyo iliyogota, basi hadidiski yako ndiyo inayokutesa na prosesa mpya usingeona faida yake. Nadhani utakuta zote tatu zinalia, maana GB 8 kwa Premiere ya 4K ni chumba kimoja na familia ya watu tisa. Lakini tazama.

Kisha pakua programu ndogo ya bure iitwayo MediaInfo, ifungulie faili moja la kamera mpya. Itakuandikia mistari mingi. Unayoitaka ni mitatu: aina, HEVC (ndiyo hiyohiyo H.265) au AVC (ndiyo H.264), kina cha rangi, biti 8 au 10, na namba zenye nukta mbilimbili, 4:2:0 au 4:2:2. Ziandike kwenye daftari. Hizo namba tatu ndizo zitakazokuchagulia kati ya Intel na AMD, siyo mimi, wala wagosi wa mtaani.

Hapa nirudi kwao. Huyu aliyesema AMD inachemsha hakulitoa hewani. Athlon za AMD za mwaka 2000 na 2001, hitisinki, kile chuma cha kupozea, ikilegea mashine ikiwa inafanya kazi, zilikuwa zinaungua papo hapo, wakati Pentium 4 ya Intel ya zama zile ilijua kupunguza mwendo na kujiokoa. Baadaye, 2011, wakaja na FX, zilizokula umeme bila aibu. Moja yao, FX-9590 ya mwaka 2013, iliandikwa wati 220. Mafundi wa umri wangu walijifunzia hapo, na mtu akishaumwa na nyoka, ukambaa humshtua. Ila Ryzen iliyotoka 2017 ni kitu kingine, na tangu 2019 viini vyake vinatengenezwa Taiwani na kiwanda cha TSMC kwa teknolojia ya nanomita 7 na kushuka. Ryzen 5 5600G imeandikwa wati 65, na ikikazwa hufika kama 88. Core i5-12400 nayo imeandikwa 65, ikikazwa hupanda hadi 117. Kwa jozi hii, ukinilazimisha kusema nani anachemsha, ni Intel. Na hata hizo 117 feni ya kawaida inazimudu.

Na hilo lake la kubaki na Intel, kwamba ndiyo ya kudumu? Kwa miaka mingi alikuwa sahihi, na kompyuta za ofisi zilizokaa miaka kumi bila kulalamika zinamtetea. Lakini vizazi vya 13 na 14 vya mezani, hasa i7 na i9, viliingia na ugonjwa: volti zilipanda kupita kiasi, prosesa zikawa zinadhoofika taratibu mpaka mashine inazimika ovyo katikati ya kazi. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri, wakatoa marekebisho ya bayosi (programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha mashine) na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, inayouzwa bei chee na muuzaji ana haraka, ipite mbali. Kizazi cha 12 hakikuguswa na hilo.

Wasiwasi mwingine hukuuandika ila nausikia kila wiki hapa Ngamiani: eti kuna programu zinaikataa AMD. Hakuna kitu kama hicho kwa kazi yako. Mwaka 1982, kwa sababu IBM hawakutaka kutegemea kiwanda kimoja kwa kompyuta zao, Intel waliwapa AMD ruhusa ya kutengeneza prosesa za ukoo uleule. Ndiyo maana mpaka leo zinazungumza lugha moja. Tena lugha hiyo ya biti 64 ambayo Windows yako inaitumia, waliotangulia kuitia kwenye prosesa zao ni AMD, 2003, Intel wakaifuata. Ndugu wawili wasiosalimiana, nyumba ni moja.

Nizungumzie joto kidogo, maana hapo mtu wa Tanga ana haki ya kuuliza. Majuzi nililetewa mashine kutoka nyumba moja ya Raskazone, upande wa baharini kabisa. Malalamiko: inazima yenyewe kila baada ya dakika ishirini. Skrubu za keisi zilikuwa zimeota kutu mpaka bisibisi inateleza. Nilizitoa kwa koleo. Ndani, kati ya feni na mapezi ya hitisinki, kulikuwa na blanketi. Sitanii, niliibandua ikatoka nzima, kijivu, unene wa kashata. Vumbi, nywele za paka, na unyevu wa chumvi ulioligandisha vikawa kitu kimoja. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imekauka, naikwangua inatoka kama ukoko wa sufuria. Kabla ya kusafisha prosesa ilikuwa inafika nyuzijoto 97. Baada ya brashi, spiriti na tone jipya la pesti haikuvuka 68, chumba kilekile, mchana uleule. Na ilikuwa Intel. Ingekuwa AMD, jirani angeshatangaza mtaa mzima kwamba "nilisema mimi". Kwa hiyo, chapa yoyote utakayonunua, mashine isikae sakafuni, isibanwe na ukuta, na kila baada ya miezi sita ifunguliwe. Prosesa za leo, zote, zikifika kikomo hujipunguzia mwendo zenyewe. Kabla haijaungua utaiona inakuwa nzito kama gari lililopandisha Lushoto na abiria wa ziada.

Haya, soketi. Hapa ndipo AMD wana sifa wanayoistahili. Intel wana tabia ya kubadili kitanda kila baada ya vizazi viwili hivi. Cha nne kama chako ni LGA1150. Cha sita na cha saba, LGA1151. Cha nane na cha tisa jina la soketi ni lilelile lakini madabodi za awali hazizitaki. Cha kumi na cha kumi na moja, LGA1200. Cha 12, 13 na 14, LGA1700. Zilizofuata mwaka 2024, LGA1851. AM4 ya AMD ilizipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Mtu aliyenunua madabodi ya B450 mwaka 2018 na prosesa ndogo, ameweza baada ya miaka kutia Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha bayosi tu, bila kununua kingine. Kwa mfuko wa kwetu hiyo si sifa ndogo. Laiti kila mmoja angekuwa na mazoea hayo ya kupanda ngazi polepole, ningewapeleka wengi AM4 nikiwa nimefumba macho.

Lakini wewe si kila mmoja. Wewe unahariri video, na tunarudi kwenye daftari lako.

Zile namba za nukta zinasema kamera inatunza rangi kiasi gani. Kwenye 4:2:0 taarifa za rangi ni robo ya taarifa za mwanga. Kwenye 4:2:2 ni nusu. Kwa harusi, ambapo bibi harusi kavaa dhahabu chini ya taa za zambarau na wamama wana kanga za sare zisizotakiwa kubadilika rangi, 4:2:2 ya biti 10 inakupa nafasi ya kurekebisha bila ngozi za watu kugeuka kijani. Ndiyo maana wauza kamera wanaisifu. Tatizo ni kwamba kifungua video cha AMD, kwenye 5600G na wenzake, hakiijui 4:2:2. Kadi nyingi za grafiki za Nvidia, zile za kuchomeka pembeni, nazo haziijui mpaka mfululizo wa RTX 50. Grafiki ya ndani ya Intel inaijua, kwa H.265, tangu kizazi cha 11 kwa mashine za mezani. Yaani i5-12400 ya kawaida, isiyo na kadi yoyote ya pembeni, itaicheza video hiyo laini wakati mashine zilizoizidi bei zinahema.

Kwa hiyo: MediaInfo ikikuandikia HEVC, biti 10, 4:2:2, chukua Intel kizazi cha 12, i5-12400, na uwe makini na herufi. i5-12400F si yako. Hiyo F maana yake grafiki ya ndani imezimwa, na grafiki ya ndani ndiyo tunayoifuata. Wauzaji wengi watakwambia "ni ileile tu, tena F ina nafuu". Nafuu hiyo ndiyo inayokutoa kwenye ramani. Pesa ikibana, shuka hadi i3-12100, isiyo na F vilevile. Usione aibu ya i3: ina viini vinne na nyuzi nane kama ile i7-4790 niliyokukataza, na inaipita vibaya sana. Namba hizo za i3, i5, i7 ni vyeo ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, mkuu wa shule ya jana anafundishwa na mwalimu wa mazoezi wa leo.

Ikiandika AVC, biti 10, 4:2:2, hapo hata hiyo Intel haina mlango. Kwenye Sony mara nyingi hiyo ni ile mipangilio iitwayo XAVC S. Ingia kwenye menyu, ukiona kamera yako ina XAVC HS, hiyo ndiyo H.265. Hamia huko kwa harusi zijazo. Kwa video ambazo umeshapiga, tumia ile dawa ninayokuja nayo hapo chini.

Na ikiandika 4:2:0, mambo yanabadilika, na mdogo wako anaanza kutabasamu. Hapo pande zote mbili zinafungua bila shida, na mimi ningekuelekeza kwenye Ryzen 5 5600G: viini sita, nyuzi kumi na mbili, na grafiki ya ndani ambayo kwa gemu inaiacha ya i5-12400 mbali. Gemu nyepesi, za mpira, zitachezeka bila kununua kadi. Zingatia kitu kimoja: grafiki hizo za ndani zinakula kwenye RAM, na RAM ikiwa kijiti kimoja zinakula kwa kijiko cha chai. Nunua vijiti viwili vya GB 8, usikubali kimoja cha 16.

Kama ni ile Intel, mdogo wako atasubiri. Anayelipa ndiye anayechagua. Ukija kupata nafasi mwakani, kadi kama GTX 1650, ambazo baadhi yake hazihitaji hata waya wa ziada wa umeme, itamnyamazisha, na grafiki ya Intel itaendelea kukufungulia video.

Sasa gharama, na hapa sikupambi. Ukihama kwenye LGA1150, prosesa siyo peke yake. Madabodi inaondoka. RAM zako ni DDR3, hazikai kwenye madabodi mpya, utanunua DDR4. (Kizazi cha 12 kina madabodi za DDR4 na za DDR5, hivyo soma kabla ya kulipa, tena chagua ya DDR4, inatosha.) Pawasaplai, lile boksi la umeme, ya Dell hiyo ina plagi ya pini nane ya kwao wenyewe, wakati madabodi za kawaida zinataka ya pini 24. Na waya za kitufe cha kuwashia kwenye keisi ya Dell nazo zina mpangilio wao. Kwa ufupi unahama nyumba: unaondoka na kioo, kibodi, mausi na hadidiski. Wanaokuambia "unabadili prosesa tu" wanahesabu mlango, wanasahau ukuta.

Ndiyo maana njia ya pili uipime vilevile: mashine nzima ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha 12, Dell, HP au Lenovo. Inakuja na madabodi, pawasaplai na keisi vinavyojuana. Mara nyingi ukijumlisha vipande kimoja kimoja utashangaa. Ila muuzaji akikuletea ya kizazi cha kumi akasema "tofauti ndogo", mwambie kwa wengine ndogo, kwako kubwa: kizazi cha kumi hakifungui 4:2:2. Na kuna zile madabodi za Kichina zenye prosesa za Xeon za seva, "viini kumi na mbili bei ya i3". Zinavutia macho. Hazina grafiki ya ndani, kila kiini kina mwendo wa kizamani, na umeme zinakunywa. Hapana.

Ukiangukia kwenye AMD iliyotumika, jihadhari na prosesa iliyoandikwa Ryzen PRO iliyonyofolewa kwenye kompyuta za Lenovo za ofisi. Baadhi yake zimefungwa kiusalama kwa madabodi za Lenovo. Ukiitia kwenye nyingine haiwaki, na hakuna fundi wa kuifungua.

Kununua Kariakoo na kutumiwa kwa basi, hilo nimelipia karo. Miaka kadhaa nyuma niliagiza Ryzen 5 2600 iliyotumika. Muuzaji akaifunga kwenye kipande cha gazeti na selotepu, akaitia kwenye bahasha. Nilipoifungua mezani, safu mbili za pini za pembeni zilikuwa zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Muuzaji simu hakupokea tena. Nilikaa na kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile yenye mdomo mwembamba, nimeitoa risasi. Unaivisha kwenye pini moja, unaiinua kidogo, unakwenda inayofuata. Ilinichukua saa tatu. Pini moja ilikatika, na kwa bahati ilikuwa ya ardhi, prosesa ikawaka. Sikushauri ujaribu bahati hiyo. AM4 isafiri ndani ya kile kikasha chake cha plastiki, au isafiri ikiwa imefungwa kwenye madabodi yake.

Na kwa Intel, hatari iko upande wa pili, kwenye madabodi. Ukiletewa, fungua kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, ilaze pembeni mwanga upite chini chini. Pini zilizo nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, zote kwa pamoja. Ukiona sehemu yenye doa, mstari uliokatika, au pini inayong'aa peke yake, rudisha. Usikubali neno "inawaka": inaweza kuwaka na isione kijiti kimoja cha RAM. Ukishaiwasha, fungua programu ya CPU-Z, ni ya bure, jina la prosesa lilingane na lililochorwa juu ya bati lake.

Sasa hivi, kabla mchezo haujatoka, fanya mawili. Nunua SSD ya SATA, diski ya kasi isiyo na kisahani kinachozunguka, GB 500 ikiwezekana, uweke Windows na Premiere humo. Hiyo utahama nayo, haipotei. Ukipata kijiti cha DDR3 cha GB 8 kwa bei ya kutupa, ongeza, Dell yako ya mnara ina nafasi nne. Zaidi ya hapo usiitilie senti.

Pili ni ile dawa niliyokuahidi, nayo ni bure: proksi. Ndani ya Premiere, chagua video zako kwenye Project, bofya kulia, Proxy, kisha Create Proxies. Itatengeneza nakala nyepesi, utakatia nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi Premiere inarudi kwenye faili halisi. Iache itengeneze usiku, umeme ukikubali, asubuhi unakata bila kukwama hata kwa i5-4570. Kutoa kazi ya mwisho kutachukua muda, hilo halikwepeki, lakini harusi za mwezi huu zitafika kwa wenyewe.

Ukishapata zile namba tatu nipitie dukani asubuhi, kabla ya saa nne ambapo foleni haijaanza. Njoo na faili moja la kamera kwenye flashi, sekunde thelathini zinatosha, tulicheze kwenye mashine zangu mbili, ya Intel na ya AMD, uangalie mwenyewe. Na huyo mgosi wa Ryzen, ukiweza, mlete naye.